Chaki Makalioni

Enzi zetu, sisi viziwi wa shule ya bweni kule Muleba, orodha ya wapiga kelele ya darasa letu ilikuwa tupu muhula mzima, huku wenzetu wanaosikia wakichapwa chumba cha pili. Nasi ndio tuliopiga soga kuliko wote! Mwalimu wa Kiingereza akigeukia ubao kuandika vitenzi vyake, mikono yetu yote ilikuwa hewani, tukisengenya uji wenye wadudu na suruali yake.

Suruali ilistahili. Akishajaza ubao alikuwa anajifutia chaki makalioni, viganja viwili vyeupe, anatoka hivyo hivyo hadi ofisini. Kwetu viziwi kila mtu hupewa jina la ishara, na aliyempa la kwake ni mimi: kujipangusa makalio mara mbili. Yeye, mgeni wa lugha yetu, alilipenda. Alijitambulisha nalo hata kwa mpishi.

Taata, baba yangu, hakuwa na mzaha. Kwa ishara zetu za nyumbani alionyesha kalamu, kisha jembe: mwaka huu usipoandika Kiingereza, unarudi migombani. Kijiji kizima kilishamwambia anajisumbua bure kusomesha binti asiyesikia.

Siku ya wazazi, Mwalimu akajitambulisha mbele ya watu kwa madaha yote. Makalio, mara mbili. Darasa zima tukavunjika mbavu. Akaduwaa, akanikabidhi chaki: andika kwa Kiingereza, jina langu maana yake nini? Taata alikaa benchi la mbele. Kiingereza changu hakikutosha kudanganya, kilitosha ukweli tu. Nikaandika kwamba Mwalimu anajifutia chaki makalioni.

Akasoma. Akajipinda kujitazama nyuma. Kisha akachukua chaki nyekundu, akaniwekea vema kubwa kuliko ubao. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza isiyo na kosa. Taata hakujua hata neno moja la pale, lakini vema aliijua; alisimama akapiga makofi peke yake, machozi yakimtoka. Nilimpenda siku ile mpaka nikaona aibu.

Viziwi wa leo wana raha zao. Simu inawasahihishia sentensi kabla hawajakosea, ila simu haina makalio.

Mwalimu amestaafu, yuko Kagoma. Juzi alinipigia kwa video nikiwa hapa Bukoba, akasimama, akageuka, akajipangusa mara mbili. Tulicheka. Suruali yake ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililoniliza.