Nimeweka Windows bila flash ili nisiongee na mtu

Leo nimeua laptop ya dada yangu kwa sababu ya aibu.

Ilikuwa inasuasua, nikamwambia nitaiwekea Windows upya. Ila sina flash. Kaka wa steshenari anayo, lakini kumwomba ni lazima niongee, na dukani kwake huwa kuna watu.

Kwa hiyo nikajifunza njia ya bila flash. Unatenga kipande cha diski, unaweka mafaili ya Windows humo, laptop inajiwekea yenyewe.

Asilimia 61, umeme ukakatika Bariadi nzima.
Betri ya laptop ilishakufa zamani.

Umeme uliporudi, kioo cheusi. Windows ya zamani hakuna, mpya hakuna.

Dada: "Ripoti yangu ya field inatakiwa chuoni leo jioni. Si ulisema unaweza?"

Nilipita mbele ya lile duka mara tatu kama naenda sokoni. (Msinicheke.)
Mara ya nne yule kaka akaniita mwenyewe kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadila, mdogo wangu! Umepoteza nini?"

Nikaeleza yote nikiangalia viatu vyangu.

Akanipa flash yenye Windows tayari. "Si ungesema tu tangu asubuhi?"

Windows imeingia. Ripoti ilikuwa diski D, ambayo Windows haikuigusa, imepona, imetumwa. Dada bado amenuna, ila chai niliyompikia amekunywa.

Sasa wakati narudisha flash, kaka akasema mbele ya wateja wote: "Hiyo ya bila flash mimi siijui. Kesho njoo unifundishe."

Nikasema sawa.

Jamani, nimechoka. Nani atanisindikiza?