Bima ya kamera na jina la dada

Wanangu, leo nusu nilie mbele ya wakala wa bima.

Tangu mpiga picha mmoja wa Rondo adondoshe kamera yake kwenye bodaboda, usingizi sina. Hii yangu ikipasuka, kazi imekwisha. Nikamwita wakala dukani kwangu ninapopigia picha.

"Kamera anaitumia nani?"
"Mimi tu. Kilwa nzima kuna nani mwingine?" Kifua mbele!
"Na harusini, ndani kwa wanawake, unaingia?"

Nikanywea. Mwanaume aingie kule? Si nitatolewa kwa mwiko wa ubwabwa!

"Huko anaingia nayo dada yangu, Mwanahawa."
"Ikivunjika mikononi mwake na jina lake halimo, hulipwi."

Jasho.

Maana zile picha za bibi harusi na hina mnazonisifia kila siku ni za dada. Nilikuwa nakausha tu. Jina lake likiandikwa, siri imetoka. Lisipoandikwa, Jumamosi kwenye harusi kule Mitole nasimama nje ya mlango, vigelegele vinapigwa, kitu kinaanguka ndani puu, nami roho mkononi.

Nikampigia.
"Dada, nikuandike kwenye bima?"
"Andika. Tena uanze na langu, mwongo we!"

Wakala alicheka hadi akavua miwani.

Nimeandika. La kwake juu, langu chini.

Picha za wazee wakila pilau nje, hizo zangu kweli, wallahi.

Haya semeni: nani alijua akaninyamazia?