Swali la Mbeba Kipaza Sauti

Saa nane mchana ukumbi mkubwa wa chuo kikuu bado ni mtupu, na mwanamke mmoja yuko jukwaani anaongea peke yake.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma?"

Viti havijibu. Anafungua kitako cha kipaza sauti, anatoa betri, anazipangusa kwenye sketi, anazirudisha. Anajaribu tena, anasonya.

"Betri za mwezi uliopita hizi," anasema. "Bango refu kama nyumba wameweza kuchapisha. Betri mpya, wapi!"

Bango lenyewe linaning'inia nyuma yake: Dunia Isiyo na Taka, Wajibu Wetu Sote. Chini yake maandishi madogo yanasema huu ni mhadhara wa wazi, kiingilio hakuna, wote mnakaribishwa.

Wanafunzi wanamwita Bi Maiki. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na mwaka wa kumi na tatu huu ni mhudumu wa ukumbi. Anafagia, anapanga viti, anaweka chupa za maji mezani, anafunga mapazia jua likiwachoma wakubwa wa mstari wa mbele. Lakini kazi iliyompa jina ni ile ya saa ya maswali, pale anapokimbia na kipaza sauti kutoka kwa mnyoosha mkono mmoja hadi mwingine.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Bi Maiki hampi mtu kipaza sauti, anamshikia. Mwenye swali avute atakavyovuta, mkono wa Bi Maiki hauachii kitako.

"Nilijifunza kwa machozi," anasema. "Mwaka wa kwanza nilimwachia bwana mmoja. Akaanza na salamu, akaja na itifaki, akaja na maisha ya babu yake. Mwenyekiti akawa ananikodolea macho mimi, utadhani huyo babu ni wa kwetu!"

Siku hizi anawajua waulizaji wake tangu wanapofungua mdomo. Anayesema "nitakuwa mfupi" atachelewesha chai. Anayesema "nina mambo matatu" atafika la pili, la tatu atalisahau, kisha atalitafuta mbele ya kadamnasi. Na anayesema "sina swali, nina nyongeza tu", huyo, anasema Bi Maiki, ni wa kuombewa.

Kwa mihadhara yenyewe hana neno baya. Amesikia habari za bahari kujaa plastiki, joto kupanda, mito kukauka na ardhi kuchoka.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," anasema. "Wengine wanaongea vizuri mpaka nasahau kwamba miguu inaniuma. Tatizo langu ni moja tu. Na mimi nina swali."

Swali hilo liko nyuma ya bwalo la wanafunzi, kwenye shimo ambamo chuo humwaga taka zake na kuzichoma. Ng'ambo ya ukuta wa shimo hilo kuna nyumba za kupanga, na katika vyumba viwili vya mwisho anaishi Bi Maiki na mama yake mzazi. Moshi ukishapanda ukuta hauna pengine pa kwenda. Unaingia ndani, unakaa kwenye mapazia, unakaa kwenye matandiko, unakaa kifuani mwa bibi wa watu.

Mama huyo amepita miaka sabini. Daktari amewaambia wazi kwamba dawa atampa, lakini dawa na moshi haviwezi kukaa kifua kimoja. Ama moshi ukome, ama mgonjwa aondoke. Mtoto wake wa kiume alijitolea kumchukua akaishi kwake. Mama amekataa katakata.

"Nimezika mume hapa, nimelea watoto hapa," anasema mama, ameketi kitandani, mgongo kwenye mto. "Leo nihamishwe na sahani za plastiki? Sihami ng'o!"

Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, kikohozi kinachukua muda wake. Kikishapita anamnyooshea kidole binti yake.

"Huyu kila mwezi anawapelekea watu maiki wapayuke. Namuuliza, mwanangu, wewe umekatwa ulimi?"

Hajakatwa. Amekatazwa. Msimamizi wa ukumbi alimwambia siku ya kwanza kazini kuwa mhudumu anashika, hasemi. Akajaribu maofisini.

"Ofisi ya mazingira ikanituma ofisi ya majengo," anasimulia. "Majengo wakanituma usafi. Usafi wakaniambia, aah, mama, moshi ni wa mazingira. Nikajiona mpira wa makaratasi."

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Lakini kinyozi anaweza kwenda kwa kinyozi mwenzake, na ndivyo Bi Maiki alivyofikiri aliposoma mada ya leo. Akamtafuta mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa heshima asiyekosa mhadhara hata mmoja. Anamkuta mapema, ameshakaa kiti chake cha mstari wa tatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo, ila nina ombi. Mimi siruhusiwi kusema. Naomba uniulizie, lile jalala la nyuma ya bwalo wataacha lini kulichoma? Hilo tu."

"Hilo tu?" Mwalimu anapiga kofi goti lake. "Hesabu limeshaulizwa!"

Mhadhara ulikuwa uanze saa tisa. Unaanza karibu na saa kumi, kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani, na mgeni rasmi siku zote yuko njiani. Profesa mgeni, ndiye mtoa mada, anaongea vizuri. Anaeleza jinsi takataka isivyopotea bali inavyohama tu, kutoka uani kwa aliyeitupa hadi uani kwa asiye na la kusema. Watu wanatikisa vichwa. Wengine wanaandika.

Ndipo harufu inapoingia.

Ni harufu ya plastiki inayoungua, na inapita madirisha ya kushoto bila hodi. Mwanafunzi mmoja anaziba pua kwa kitambaa. Mgeni rasmi anakohoa. Profesa anakatisha sentensi, anakunywa maji. Mwenyekiti wa mjadala anamwita Bi Maiki kwa kidole, na moyo wa Bi Maiki unaruka. Huenda leo ataulizwa moshi huu watoka wapi.

"Funga madirisha," mwenyekiti ananong'ona.

Anayafunga yote, moja baada ya jingine, ili watu wasikilize habari za taka kwa raha. Mwandishi wa makala haya amekaa nyuma, jasho linamtoka, na anakiri kwamba kwa dakika kadhaa hakuandika chochote kwa kuudhika.

Saa ya maswali inafika. Mikono inanyooshwa kila upande. Bi Maiki anaipita yote, vijana wananung'unika, anakwenda moja kwa moja hadi mstari wa tatu. Mwalimu anasimama, anafunga kifungo cha koti.

"Itifaki imezingatiwa," anaanza.

Anamshukuru profesa. Anawashukuru waandaaji. Anasema alipoanza kufundisha hapakuwa na mfuko wa plastiki hata mmoja, mtu alikwenda dukani na kikapu chake. Kutoka kikapuni anahamia viwandani, kutoka viwandani anavuka hadi nchi tajiri, na huko anakaa. Bi Maiki, kitako cha kipaza sauti kikiwa kiganjani, anamkanyaga kiatu kidogo kumkumbusha. Mwalimu anasogeza mguu na kuendelea.

"Sasa basi, nina mambo matatu..."

"Mwalimu, tunakushukuru sana," mwenyekiti anamkata. "Muda si rafiki."

Ukumbi unapiga makofi. Mwalimu anainama kidogo, anakaa, ameridhika na nafsi yake. Mwanafunzi mmoja anauliza habari za ufadhili wa masomo, mwingine anaomba kupiga picha na profesa, na mwenyekiti anafunga kikao. Maswali yaliyobaki, anasema, tutaulizana kwenye chai.

Kwenye chai mwalimu anajipiga paji la uso.

"Lile la moshi! Aisee, binti yangu, limenitoka. Nilikuwa nalo hapa mdomoni, hili la viwanda likalipiku."

"Hakuna shida, mwalimu," Bi Maiki anajibu, kwa sauti ambayo mwenye masikio anasikia kabisa kuwa shida ipo.

Watu wakishatawanyika, yeye ndiye anayebaki kusafisha. Anakusanya sahani za plastiki, vikombe vya plastiki na chupa za maji zilizonywewa nusu, anavisukumiza kwenye mifuko myeusi na kuifunga vinywa. Mkokoteni unasubiri mlangoni. Hakuna haja ya kumuuliza unaelekea wapi.

"Unajua kinachoniudhi?" anasema, akivuta fundo la mfuko wa mwisho kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Si mzee wa watu. Mzee ni mzee, akishika maiki anarudi ujana. Kinachoniudhi ni kwamba ukumbi mzima umesikia ile harufu. Mzima! Profesa amesikia, mgeni rasmi amekohoa mbele yangu. Na hakuna hata mmoja aliyesema jamani, hiki nini? Kisha mimi narudi nyumbani, mama ananiuliza, vipi, wamesemaje? Nimjibu nini? Kwamba nimefunga madirisha?"

Anafuta macho kwa kiwiko, anasema ni vumbi la mapazia, na hakuna wa kumbishia.

Mhadhara wa mwezi ujao mada yake ni hewa safi. Asubuhi iliyofuata mhadhara wa taka, Bi Maiki aliingia ofisini kwa msimamizi wa ukumbi na kuomba ruhusa ya siku moja, siku ya mhadhara huo wa hewa safi.

"Unasafiri?" msimamizi akamuuliza.

"Sisafiri. Nakuja hapa hapa ukumbini."

"Kufanya nini, nawe una ruhusa?"

"Kukaa. Si mmeandika wote wanakaribishwa?"

Msimamizi alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema hilo gumu, siku hiyo wageni watakuwa wengi, nani atakimbiza kipaza sauti? Akaahidi kulifikiria. Hadi makala haya yanakwenda mitamboni, alikuwa bado analifikiria.

Bi Maiki hana haraka naye. Swali lake amelifanyia mazoezi chumbani, mama yake akiwa ndiye mwenyekiti, na mama ni mkali kuliko mwenyekiti yeyote. Salamu amezikata. Itifaki ameitupa. Limebaki swali tupu.

"Wakinipa ruhusa, nitanyoosha mkono kama mtu mwingine yeyote," anasema. "Wakininyima, basi siku hiyo maiki nitakuwa nayo mimi."