Kitabu Ambacho Mkono Haujakigusa

Wasomaji walimwita Kinyumenyume, kwa sababu kila kitabu alikifungua kwa nyuma. Mtu akija na swali, mkutubi huyu alimpeleka rafuni, akatoa kitabu kipya kuliko vyote juu ya jambo hilo, akaenda moja kwa moja kwenye marejeo.

"Anza mkiani," alisema. "Huyu kakutangulia. Muulize alipita kwa nani."

Na huyo wa pili naye huulizwa vivyo hivyo, mpaka majina yaanze kujirudia. Yakijirudia, umekaribia kisima.

Kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa bibliografia ya ufinyanzi: orodha ya yote yaliyoandikwa juu ya vyungu na wanaovifinyanga, kila andiko na maelezo yake mafupi, mtafiti ajue lipi litamfaa kabla hajayapekua yote. Alijiwekea sharti moja. Ambacho mkono wake haujakigusa, hakiingii.

Kilibaki kitabu kimoja. Kila aliyeandika juu ya kuchoma vyungu alikitaja, na hakuna maktaba iliyokuwa nacho.

"Kitie tu, dada," alisema mkuu wa maktaba, kasimama mlangoni. "Mchapaji wetu hanipi usingizi. Wote wamekitaja."

"Wamekitaja. Nani kakisoma?"

"Sasa unataka nikuapie?"

"Nataka kitabu."

"Ijumaa naipeleka kazi, kiwemo kisiwemo."

Akikiacha, watafiti wangeona pengo palepale wanapotazama kwanza. Akikitia, sharti lake lingekuwa maneno matupu, na kwa kazi ya mwisho hakutaka hivyo.

Jioni wifi yake alikuwa akichambua mchele. "Hivi umeolewa na kaka yangu au na hicho kitabu?"

"Kaka yako angalau najua aliko."

"Unadhani!"

Wakacheka mpaka punje zikamwagika.

Asubuhi alifanya alichowafundisha wengine. Akazitandaza mezani orodha zote za marejeo zilizokitaja kitabu, mpya mbele, kuukuu nyuma, akazifuata kinyumenyume. Hakuna hata moja iliyosema kitabu kina kurasa ngapi. Kila mtu alikuwa amenakili kwa jirani yake. Ya zamani kuliko zote ilikuwa katika jarida la walimu, nayo mbele ya jina la kitabu iliongeza maneno matatu: kiko kwa mchapaji. Aliyefuata aliyaacha maneno hayo, na waliomfuata hawakujua kwamba yaliwahi kuwepo.

Chuo cha ufundi alikowahi kufundisha mwandishi kilimwelekeza kwake, mwalimu mstaafu aliyefuga kuku nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, usiwaogope hawa, wana kelele tu."

Alipoeleza kilichomleta, mzee alitikisa kichwa. "Mchapaji wangu alifunga duka. Kitabu hakikutoka."

"Lakini mpaka leo watu wanakitaja."

Uso wa mzee ukachangamka. "Wananisoma?"

Mkutubi alitazama kuku kidogo. "Wanakutaja, mzee."

"Haya," alisema mzee. "Kutajwa nako ni kitu." Akaingia ndani, akakawia, akatoka na bunda la karatasi lililofungwa kwa utambaa wa kanga. Lilinuka sanduku la mablanketi.

Mkutubi alilipokea kwa mikono miwili, na kwa mazoea akalifungua kwa nyuma. Hapakuwa na orodha ya vitabu. Palikuwa na majina ya akina mama waliomfundisha mzee kazi, na mbele ya kila jina aina ya chungu aliyosifika kwayo.

"Vitabu havikuwepo wakati ule," mzee alisema, kama anayeomba radhi. "Nikawaandika wao."

Mkutubi alikaa kibarazani akausoma muswada wote, mkia hadi kichwa, kuku wakimpitia miguuni.

Ijumaa mkuu alikuta kazi mezani. Kwenye herufi yake kitabu kilikuwepo, na maelezo chini yake: Muswada, haujachapwa. Marejeo yake ni watu. Uko nyumbani kwa mwandishi. Piga hodi, ujitambulishe.

"Hii 'piga hodi' nayo iingie?" aliuliza mkuu.

"Iingie," alisema Kinyumenyume. "Mimi nilipiga."