Misuko Mitatu

Mama alikuwa msusi. Pale kwetu Shella, Malindi, mabibi harusi wengi walipita magotini pake kabla ya kwenda kwa waume zao. Yeye alikaa juu ya kigoda, wao chini mkekani, na baraza yetu ikanuka mafuta ya nazi mchana kutwa. Mimi, bintiye wa pekee, nilikuwa na mikono ya kusongea ugali. Maneno yake hayo, si yangu.

Alinifundisha kwa neno moja tu. Nikimaliza kusuka kichwa cha binti wa jirani, alipitisha kidole juu ya mistari, polepole, kisha akasema, "Fumua." Hakunipiga wala hakunitukana, na wala hakunieleza kosa. Nilifumua nikaanza tena, mwenye kichwa akilia kwa kuvutwa. Siku akiwa mchangamfu alinitania: "Hii ni twende kilioni, mwanangu. Ya mtu aliyeitwa msibani akasukwa mbio mbio." Baraza nzima ilicheka, nami nikacheka nao, maana mtoto asiyecheka hapo ataambiwa ana kiburi. Lakini niliumia.

Neno lile nilihama nalo. Nilipopata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja huko Bofa, nilitandika shuka, nikatazama kona, moyo ukaniambia fumua. Basi navuta shuka yote chini na kuanza upya. Wenzangu wameshamaliza vyumba vyao wanakunywa chai, mimi bado nagombana na mto. Msimamizi alidhani ni uvivu. Natamani ungekuwa uvivu, ningekuwa nimelala vizuri! Hata mwanamume aliyetaka kunioa alichoka kungoja. Kila nilipomwandalia ndiyo moyoni, niliifumua kabla haijafika mdomoni.

Kisha Mama akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande. Niliacha kazi nikarudi nyumbani, maana nani mwingine angerudi? Siku chache baadaye alinionyesha kichwa chake, akaninyoshea kitana. Yeye akakaa mkekani na mimi juu ya kigoda chake. Sijapata kuogopa vile. Nilipomaliza aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akapitisha kidole.

"Fumua," akasema kwa tabu.

Nilikasirika siku ile, sifichi. Nilitaka kumwambia, Mama, huoni kwamba wewe huna mwingine na mimi sina mwingine? Sikumwambia. Nilifumua, nikasuka tena. Zikawa ndizo asubuhi zetu: chai, dawa, kitana, fumua. Na katika asubuhi hizo nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Neno lilikuja kama kawaida, lakini sikuliogopa tena. Liliniudhi tu, kama nzi, nami nikaendelea na kazi.

Kiharusi kilirudi mara ya pili, safari hii kikaondoka na sauti yake. Mkono wa kushoto nao ukakataa kuinuka. Niliendelea kumsuka. Nikimaliza nilizunguka mbele nikamtazama usoni, naye akanitazama, basi. Sikujua kama macho yale yamekubali au yamechoka. Mpaka leo sijui, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Alifariki asubuhi, baada ya vijiko viwili vya uji. Wakaja waosha maiti, wanawake wawili wa mtaa wetu. Kwetu mwanamke akifa nywele zake hufumuliwa zikaoshwa, kisha husukwa misuko mitatu, ikalazwa nyuma ya kichwa. Mkubwa wao akauliza nani atamsuka.

"Nitamsuka mimi," akasema mama mdogo, mdogo wake Mama, naye ni msusi hodari. Akanishika bega. "Wewe kaa nje upumzike, mwanangu. Hutaweza."

Moyo wangu ulikubaliana naye upesi sana. Nilishageuka kuuelekea mlango. Kisha nikafikiri kwamba kichwa kile nimekishika asubuhi zote hizi, na kesho hakutakuwa na kichwa.

"Nitaweza, mama mdogo," nikasema. "Niachieni."

Kwanza ilibidi nifumue nilichomsuka jana yake. Tukamwosha kwa maji ya mkunazi, ya mwisho yakatiwa kafuri. Nywele mbichi ziliteleza vidoleni. Msuko wa kwanza ulikwenda upande. Wa pili ulikaa vizuri zaidi. Wa tatu sikuuona kwa machozi. Niligeuza uso yasimdondokee, nikasuka kwa vidole tu.

"Ule wa kwanza umekwenda upande," mama mdogo akasema kwa upole. "Niufumue?"

"Usiufumue."

Nikapitisha kidole juu ya misuko yote mitatu, polepole, kama alivyofanya yeye. Kisha nikangoja. Neno lile halikuja. Nadhani waosha walidhani ninaomba dua, kwa kuwa walisimama wakaniachia muda. Hatimaye mkubwa wao akaniuliza kama niko tayari, nikamwambia ndiyo, wakaivuta sanda.