Mazishi ya Kaka Kwenye TV ya Mama

Kaka yangu alifia Afrika Kusini katikati ya wiki, na kabla wiki haijaisha tulishajua kwamba hatutamzika kwetu Matema. Mimi ndiye niliyempelekea mama habari zote mbili. Ya kwanza aliipokea kwa kilio kilichowatoa majirani mashambani. Ya pili aliipokea kimya. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, khanga ameifunga kiunoni. Akaniuliza, "Kwa hiyo nitamwona wapi?"

Mke wa kaka alikuwa ameniambia kwa simu kwamba vibali vya kupitisha mwili katika nchi zote zile vingechukua muda mrefu. Zaidi ya hapo, watoto wao wamezaliwa kule na wanasoma kule, naye alitaka baba yao alale mahali wanapoweza kwenda kwa miguu. Wifi yangu huyu ni Mngonde wa Karonga, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mto Songwe. Lugha yake na Kinyakyusa chetu zinasikilizana, kwa hiyo maneno hayo alimwambia mama yeye mwenyewe kwa simu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Watoto wakae na baba yao."

Simu ilipokatika, akarudia lile lile: "Nitamwona wapi?"

Nje, chini ya turubai, mjomba wangu alikuwa amekaa na wanaume wenzake. Ndiye mdogo wa mama aliyebaki, na tangu baba afariki ndiye tuliyekuwa tukimsikiliza katika mambo ya ukoo. Hakupendezwa hata kidogo. Alisema mtoto wa Matema kuzikwa na watu ambao hata jina lake hawawezi kulitamka vizuri ni aibu kwetu sote. Hakuna aliyembishia. Mimi pia nilikuwa na uchungu huo huo, ila nilikuwa nimechoka kuusema.

Kesho yake wifi alipiga tena. Kampuni ya mazishi ya kule, alisema, hurusha ibada moja kwa moja kwa ndugu walio mbali. Wana programu yao ya kutazamia. Akanitumia kiungo, nikaiweka kwenye simu yangu, ikafunguka bila shida. Ilionyesha picha ya waridi jeupe na jina la kaka. Chini yake ilikuwa imeandikwa siku ya mazishi, Jumamosi asubuhi. Nilikimbia nayo ndani.

"Mama, utamwona. Tazama hapa."

Akaishika simu, akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kushoto ndilo baya zaidi.

"Naona kitu kinameta," akasema, akanirudishia.

Nikaitazama TV. Ilikuwa imefunikwa kitambaa kwa sababu ya msiba, na juu yake kilikaa kile kisanduku cheusi kidogo ambacho kaka alikuja nacho mara ya mwisho alipotutembelea. Hiki ndicho kilichokuwa kikimletea mama ibada na nyimbo za kwaya kwa intaneti ya simu, kila nilipotoka Kasumulu, ninakouza vitenge, nikaja kumwona. Mama alikuwa na namna yake ya kutazama: alivuta kigoda mpaka magoti yaguse meza ya TV, akainamisha kichwa upande wa jicho la kulia. Kwa namna hiyo aliona sura za watu. Nikajua programu ile lazima iingie kwenye kisanduku.

Kwanza nilijaribu kurusha picha ya simu kwenda kwenye TV, kama kaka alivyonifundisha. Muziki wa kampuni ile ulisikika lakini picha ikawa giza tupu. Nikaitafuta programu katika duka la kisanduku, haikuwemo. Humo huwa zinapatikana zile zilizoruhusiwa kwa nchi yetu tu. Nikampigia wifi. Akaenda kwa watu wa kampuni, katikati ya msiba wake mwenyewe, na baada ya muda akanitumia faili lenyewe la programu.

"Wanasema uliweke kwenye flashi," aliniambia. "Halafu uchomeke. Wanasema ni rahisi."

"Wewe umekula?" nikamuuliza.

"Usiniulize hilo, wifi. Chomeka flashi."

Nilishuka hadi kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na mwalo, nikahamishiwa faili kwenye flashi. Wavuvi walikuwa wanaanika nyavu na ziwa limetulia. Watu walinisimamisha njiani kunipa pole, nami nilijibu "ndaga, ndaga", yaani asante, huku nimeifumbata flashi kama dawa ya mgonjwa.

Nyumbani kisanduku kililikataa faili. Kiliniandikia kwamba hakiruhusiwi kupokea programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta mpaka nikapata mahali pa kuruhusu, nikaruhusu. Kikakubali kuanza, kisha kikasema nafasi haitoshi.

Nafasi ilikuwa imejazwa na vitu vya kaka. Kulikuwa na programu ya mpira aliyoiweka siku ile ya kwanza, akiwa amekaa sakafuni kwa miguu iliyokunjwa, rimoti mkononi, akimwambia mama kwamba sasa atajua timu zote za Ulaya. Mama alikuwa akicheka na kumwambia alete picha za ng'ombe, si za wanaume wenye kaptula. Ilikuwepo nyingine ya filamu, na nyingine ya muziki wa kule alikoishi. Zote zilikuwa bado zimefunguliwa kwa jina lake. Nilikaa na rimoti bila kubonyeza.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Lazima nifute vitu vya kaka ili hii iingie."

"Vitu gani?"

"Mpira wake. Na mambo mengine aliyoyaweka."

"Futa," akasema. "Nataka kumwona yeye."

Nikafuta mpira mwisho. Kisanduku kiliniuliza kama nina hakika.

Baada ya hapo faili likaingia hadi karibu na mwisho, likasimama. "Programu haijasakinishwa." Hakikusema sababu. Nikarudia, nikazima umeme na kuwasha, nikarudia tena. Mjomba alikuwa ameingia kuchukua koti lake, akasimama mlangoni akinitazama nimepiga magoti mbele ya TV kama mtu anayesali.

"Unafanya nini?"

"Nataka mama aone mazishi."

"Mtu hazikwi kwenye TV, mwanangu."

"Atazikwa ardhini, mjomba. Mama anataka kuona tu."

"Kuona ardhi ya watu?" Akatikisa kichwa, akatoka. Nilimsikia akiwaambia wenzake jambo kwa sauti ya chini.

Wifi aliuliza tena kwa watu wa kampuni. Jibu lilikuwa kwamba kisanduku chetu ni cha zamani kuliko faili lao, na kwamba wangetafuta toleo la nyuma kidogo. Lilifika Jumamosi asubuhi, wakati mvua inanyesha na akina mama wanamenya ndizi za mbalaga nyuma ya nyumba. Nilirudi kibandani nimejifunika mfuko wa nailoni, flashi nimeificha kifuani isilowe. Safari hii programu iliingia. Waridi jeupe likatokea kwenye kioo kikubwa, na mama, aliyekuwa ameshavuta kigoda chake, akanyoosha mkono akaligusa.

Halafu umeme ukakatika.

Sitaki kueleza sana hali yangu wakati ule. Nilitoka nje kwenye mvua nikakaa kwenye ngazi. Saa za Afrika Kusini ziko nyuma ya zetu, na hiyo ndiyo iliyotusaidia, kwa maana umeme uliporudi wifi aliniandikia kwamba ndiyo kwanza wanatoka kanisani kwenda makaburini. Nikawasha. Simu niliiweka dirishani, upande wa ziwa, ambako mtandao huwa na nguvu kidogo, maana nyuma yetu milima inauziba. Kisanduku kiliunganika. Programu ikafunguka, lakini badala ya picha ikaja ilani kwamba muunganisho si salama.

Nilibonyeza kila kitu. Nilitoka nikaingia. Nyuma yangu chumba kilikuwa kimeanza kujaa akina mama, na joto la nguo mbichi, na mtu mmoja akaanza wimbo polepole. Mama alikuwa ananiuliza kwa utulivu, kama anayeuliza kuhusu chungu kilicho motoni, "Bado?"

"Bado, juba."

Tangu utotoni sikuwa nimemwita mama kwa Kinyakyusa hivyo.

Ndipo nikaona pembeni mwa kioo saa ya kisanduku. Ilikuwa saa ya usiku, na tarehe ilikuwa ya miaka iliyopita, kabla hata kaka hajatuletea kile kitu. Umeme ulipokatika kilikuwa kimepoteza siku, hakikuipata tena, ndiyo maana kiliona muunganisho si salama. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika siku ya leo, mwezi huu, mwaka huu. Nilipofungua tena, tukasikia upepo.

Upepo wa kule ulikuwa unapiga kwenye kipaza sauti. Kisha picha ikaja: nyasi za manjano, watu waliovaa makoti mazito, na jeneza la rangi ya kahawia limeshaanza kushuka. Ibada yote ilikuwa imetupita. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, watoto wake wamembana huku na huku.

Mama hakulia mara moja. Aliinamisha kichwa upande wa jicho lake, paji la uso karibu liguse kioo. "Ni yeye huyu?" akauliza. Nikamwambia ni yeye. Jeneza lilipotoweka ardhini ndipo akapiga ukelele, na chumba kizima kikapokea, na kilio kikatoka nje kwenye turubai. Mjomba aliingia akiwa ameshika kofia. Akasimama nyuma ya kigoda cha mama, akaweka mkono begani mwake, naye akatazama. Picha ilikuwa inakwama na kuendelea. Udongo ulirushwa, ukaganda hewani, kisha tukaona kaburi limeshajaa nusu.

Watu walipokuwa wanapunguka, mama akasema, "Huyo mzee ni nani?"

"Mzee yupi?"

"Anayelia pale. Aliyepiga goti."

Mimi sikuwa nimemwona. Kwenye ukingo wa picha kulikuwa na mzee mwenye mvi, koti lake refu likiburuza kwenye udongo, amepiga goti moja, anasawazisha tuta la kaburi kwa viganja. Watu wawili walijaribu kumwinua akawakatalia. Kisha picha ikakatika, likarudi waridi, na halikuondoka tena.

Jioni wifi alipiga. Mama aliomba simu, na baada ya kulia pamoja akamuuliza habari za yule mzee. Wifi akaeleza kwamba ni Mxhosa, mwenyeji wa kule, fundi wa mabomba, ndiye aliyempa kaka kazi alipofika kule akiwa hana mtu wala makaratasi. Alimlaza nyumbani kwake karibu mwaka. Kaka alipougua, yeye ndiye aliyekuwa anampeleka hospitali kwa gari lake, na kumsubiri nje. Kaka hakuwahi kutusimulia hayo. Sisi alituambia tu kwamba kazi inaendelea vizuri.

"Yuko hapo?" mama akauliza.

"Yuko, mama. Hajaondoka."

"Mpe simu."

"Mama, hajui Kinyakyusa. Wala Kiswahili."

"Mpe."

Niliweka simu kwenye spika. Tulisikia pumzi ya mzee, na mlio wa vyombo nyuma yake.

"Ndaga, tata," mama akasema. "Ndaga fijo, tata."

Sauti nzito ikauliza, "Tata?"

Wifi alitueleza baadaye kwamba hata katika lugha yao baba ni tata, kama kwetu. Wakati ule hatukujua. Tulisikia tu mzee akilirudia neno, akiita "mama, mama", kisha akasema mambo mengi ambayo hakuna mmoja wetu aliyeyaelewa. Mama alikuwa akiitikia kwa Kinyakyusa kila mzee alipotua, akimwambia Kyala, Mungu, amtunze, akimwambia jinsi kaka alivyokuwa mkaidi alipokuwa mdogo, akimwuliza kama mwanawe alikuwa anakula. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya akina mama, jambo ambalo wanaume wetu hawalifanyi msibani, amejifunika uso kwa kofia.

Simu ilipoisha mama aliirudisha mikononi mwangu.

"Alikuwa na mtu," akasema. Akaomba maji, akayanywa yote.

Mimi nilikuwa sijalia bado. Tangu habari ifike nilikuwa nabeba simu, nabeba flashi, nabonyeza. Asubuhi ya Jumapili nilikwenda ziwani na akina mama kuosha masufuria ya msiba, na nilipokuwa nasugua moja kwa mchanga, lile kubwa lililoungua chini, nikashindwa kuendelea. Mama mmoja alilichukua mikononi mwangu. Nikakaa majini hapo hapo na nguo zangu zote, nikalia mpaka wakamaliza kuosha.

Tulipopanda kurudi, mama alikuwa mlangoni, ameuelekeza uso upande zinakotoka sauti zetu. Aliniuliza mbona nimelowa. Nikamwambia nimeteleza.