Kengele ya Samaki Ililia Nikiulizwa Kama Nataka Mke

Sitaficha, maana hata nikificha watu wa Budalang'i wameshaisambaza mpaka mpakani: mimi Etyang, ejenti wa forodha pale Malaba, mtu ambaye madereva wa malori wakikwama wanatafuta namba yangu kabla hawajatafuta choo, ndiye yule bwana aliyeulizwa mbele ya wazee kama anamtaka binti yao, akainuka akakimbia, na muda si muda akakutwa juu ya tuta akiwa ameshika kamba ya ng'ombe wa mahari wanaelekea barabarani. Yote ni kweli. Lakini kaeni niwaeleze vile ilivyokuwa, kwa sababu hadithi inayozunguka huko nje imeacha nusu, na hiyo nusu ndiyo inanitetea kidogo.

Nabwire nilimpata Busia mjini, ni fundi wa nguo, na nilipomwona nilijua kazi ya kutafuta imeisha. Kwao ni Budalang'i, boma lao liko chini kabisa ya lile tuta la kuzuia mafuriko, upande huu nyumba, upande ule mto Nzoia, kiasi kwamba ukikaa kwa kiti nyumbani unasikia harufu ya mto lakini mto wenyewe huuoni (shikeni hilo la kutouona mto, litarudi). Sasa boma hilo lina desturi yake, si ya kabila lao zima la Wanyala, ya boma lile tu: mwanamume akija kuongea mambo ya mahari, asubuhi anashuka mtoni na mashemeji anavua samaki, na samaki huyo mama mkwe ndiye anampika. Usipopata samaki hakuna anayekufukuza, unachinjiwa kuku na mazungumzo yanaendelea, ila jina lako linakuwa Kuku. Kuna mkwe wao mmoja wa Sigalame anaitwa Kuku hadi leo, na kichwa chake kimejaa mvi.

Mimi nikasema Kuku sitaitwa. Wandera, kakake Nabwire, mwendesha boda ambaye mdomo wake hauna breki, alikuwa amenipigia simu wiki nzima akiniambia sisi Wateso tunajua kunywa pombe ya busaa kwa mrija tu, samaki tunawaonea sokoni wakiwa wamekaangwa. Basi nikavuka upande wa Uganda, nikaenda kwa jamaa mmoja anayeuza vifaa vya simu, na huko nikanunua kidude ambacho hata yeye hakujua vizuri ni cha nini. Mimi nilijua, nilikuwa nimekiona kwa video. Ni kengele ya umeme ya kuvulia samaki. Unachomeka chuma ardhini, kidude kinakaa juu ya chuma, fimbo yako inalala juu yake na uzi unapita kwenye kigurudumu kidogo. Samaki akivuta, kigurudumu kinazunguka, taa nyekundu inawaka na kengele inalia. Uzi ukiguswa tu, inalia mara moja. Ukivutwa mfululizo, inalia mfululizo. Halafu, na hapa ndipo nilipopenda, kina mwenzake mdogo wa kuweka mfukoni, ambaye analia popote ulipo. Nikajiambia hawa watu wa mtoni wataniheshimu.

Siku ikafika. Nilivaa suti (ndiyo, mtoni, kwa sababu nilipanga kuvua haraka niende kikaoni), nikapakia kwenye pikapu ng'ombe wa kwanza, yule wa kufungua mazungumzo, mtamba mwekundu niliyemtoa kwa shangazi yangu kule Mundika, mnyama mpole ambaye safari nzima hakulia hata mara moja. Wandera alimpokea vizuri, akampeleka kwenye nyasi za kando ya mto, akampigilia kigingi na kumwachia kamba ndefu ya kumfikisha kwenye maji. Kisha tukaanza kuvua.

Wandera alikuwa na ufito wake, na kwenye ncha yake amefunga kengele ya mbuzi, ile ndogo ya shingoni, na bado alikuwa ameupitisha uzi juu ya kidole cha shahada. Nikamuuliza kidole ni cha nini kama kengele iko. Akasema kengele inamwambia kuna kitu, kidole kinamwambia ni kitu gani. Nikacheka, nikamwambia hiyo ni kazi mbili za mtu mmoja, nikasimika chuma changu, nikawasha kidude, na nilipofika kwenye kile kitufe cha kuchagua ukali wa kusikia nikakipeleka mpaka mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yangu yote. Sikutaka samaki yeyote apumue huko chini bila mimi kujua.

Basi kikaanza kulia. Kililia upepo ulipopita, kikalia jani lilipogusa uzi, kikalia magugu maji yalipotiririka, na kila kikilia mimi nainuka na suti yangu, navuta, natoa mzigo wa magugu, na Wandera anaupongeza kwa ukubwa. Angekuwa mtu mwingine angepunguza ukali. Mimi nilihamisha fimbo. Nikaangalia mto nikaona sehemu moja haina magugu kabisa, pale ambapo ng'ombe hushuka kunywa maji, pamekanyagwa pakawa safi, nikasimika chuma hapo, nikaifunga fimbo kwa mpira isije ikavutwa na samaki mkubwa, na kidude kikanyamaza. Nikamwambia Wandera ameona, akili ni kutafuta suluhisho.

Kabla hatujapata hata mmoja, yeye wala mimi (na hili alikumbuke anaposimulia), tukaitwa nyumbani, wazee wamefika. Wandera akakunja uzi wake. Akaniangalia, akaniambia, "Shemeji, toa ndoano kwa maji. Uzi haiachwi peke yake."

"Wewe ndio mlinzi ya uzi yako, boss," nikamjibu. "Yangu iko na mlinzi." Nikapigapiga mfuko wa koti.

Kikao kilikuwa kimepangwa vizuri sana. Baba yake Nabwire ni marehemu, kwa hiyo msemaji alikuwa baba yake mdogo, Mzee Okumu, mtu mrefu anayeongea polepole, na kwa vile mimi ni Mteso na wao ni Wanyala tulikuwa tunatumia Kiswahili ili kila mtu asikie. Mama mkwe hakuwepo sebuleni. Kwetu na kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na ukimsikia anakuja njia hii wewe unashika ile. Alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, na dirisha lilikuwa wazi ili asipitwe na neno. Tukaomba, tukanywa chai, ng'ombe akasifiwa, nami nikajibu maswali ya ukoo wetu bila kukwama. Nilikuwa najiona mkwe wa mfano. Kisha Nabwire akaletwa na shangazi zake, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, akakaa mbele yangu, na Mzee Okumu akauliza lile swali ambalo mengine yote yanalisubiri.

"Etyang. Mbele ya hawa wote, huyu binti yetu unamtaka, ama hapana?"

Nikafungua mdomo, na mfuko ukalia.

Kwanza ulilia mara moja, na wazee wakaanza kupapasa simu zao. Halafu ukalia mfululizo, bila kupumua, ule mlio ambao kwa video ile jamaa anapousikia anatoka na samaki wa kubebwa na watu wawili. Ndugu zangu, nitawaambia ukweli, kichwani mwangu hapakuwa na Nabwire wala mzee wala mahari, palikuwa na samaki mmoja mkubwa na jina Kuku. Nadhani nilisema samahani kidogo. Wao wanasema sikusema kitu.

Nikatoka mbio. Njia ya kawaida ya kwenda mtoni inazunguka zizi, lakini ya mkato inapita uani mwa jikoni, na miguu ikachagua ya mkato. Mama mkwe alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Tulitazamana uso kwa uso, kitu ambacho hakitakiwi kutokea maisha yetu yote, kisha yeye akanyakua ungo akajifunika kichwa na mimi nikapita kando yake huku kifua changu kinalia kama lori linalorudi nyuma.

Nikafika juu ya tuta nikaangalia chini. Hapakuwa na samaki. Palikuwa na mtamba wangu mwekundu, ambaye alikuwa ameshuka kunywa maji pale pasafi, uzi ukamzunguka mguu, kidude kikampigia kelele na kumwakia taa nyekundu puani, na yeye kwa kuogopa akang'oa kigingi. Sasa alikuwa anapanda tuta kwa kasi, fimbo na chuma na kidude vyote vimeng'oka vinaburutwa nyuma yake, na kadiri alivyokimbia ndivyo kilivyolia, na kadiri kilivyolia ndivyo alivyokimbia. Nikadaka kamba yake. Yeye hakusimama, alinichukua tu, tukaenda pamoja juu ya lile tuta, mimi na viatu vyangu vya kung'aa, kuelekea barabarani.

Hapo walikuwa wanapita akina mama wanatoka kuuza dagaa wa omena. Wao waliona nini? Waliona bwana harusi amevaa suti, ametoka kikaoni mbio, anaondoka na ng'ombe wa mahari. Na huku kwetu mwanamume akichukua ng'ombe wake hahitaji kusema lingine lolote. Mama mmoja akageukia boma, akaita kwa sauti ya kufika mbali, "Mkwe yenu anaenda na ng'ombe yake."

Nilipofanikiwa kumsimamisha yule mnyama na kumfungua mguu, wazee walikuwa wameshapanda tuta wamejipanga kama kwenye mazishi, na mbele yao Nabwire, viatu mkononi. Wandera peke yake ndiye alikuwa anacheka, na hata yeye alipomwangalia dada yake akaacha. Nikaanza kueleza haraka, kengele, uzi, mguu wa ng'ombe, nikionyesha kila kitu kwa kidole, na mfukoni kile kitu bado kinalia kwa sababu uzi ulikuwa unapeperushwa na upepo, na vidole vyangu vyenye jasho vilikuwa vinateleza kwenye kitufe cha kukizima.

"Nimekuona ukikimbia," Nabwire akasema.

"Nilikuwa nakimbilia samaki."

"Uliulizwa kama unanitaka."

Niliona aibu ambayo haikuwa ya suti wala ya ng'ombe, niliona macho yake yamejaa maji na nikajua kuwa kwa muda ule mfupi aliamini ninamwacha mbele ya ukoo wake wote, na mimi ndiye nilimfanya aamini.

Tukarudi nyumbani. Wandera alibaki nyuma kukusanya vitu vyangu. Sebuleni wazee walizungumza kwa Kinyala, na sikuhitaji mkalimani kuelewa kuwa wengi walitaka nirudishwe Malaba na ng'ombe wangu, nije mwaka mwingine au nisije. Mzee Okumu akaniambia taratibu kwamba mtu akiulizwa hivyo akakimbia, kwao amejibu. Nikainamisha kichwa. Ndipo sauti ikatoka dirishani mwa jikoni, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla ya siku hiyo.

"Muulizeni tena mara moja. Lakini kwanza hiyo kitu itoke kwa mfuko yake."

Nikaitoa, nikampa Nabwire. Akaishika mikononi juu ya magoti yake, ikiwa imenyamaza. Wandera akaingia akihema, akakaa mlangoni. (Hakuna aliyeniambia kuwa huko mtoni alikuwa amesimika chuma upya, akatupa ndoano majini aone kama kidude bado ni kizima, kisha akarudi mbio asipitwe na kesi yangu.) Mzee Okumu akarudia swali lile lile, kwa maneno yale yale.

Na kile kitu kikalia. Mfululizo.

Sitawadanganya, miguu yangu ilitaka kuinuka yenyewe, niliisikia. Nabwire hakukitazama kidude. Alikuwa anatazama magoti yangu.

"Namtaka, mzee," nikasema, na ilibidi nipaze sauti kuishinda ile kengele. "Namtaka, na labda yeye mwenyewe anikatae, mimi hapa siondoki."

Kiliendelea kulia muda mrefu, mikononi mwake, sote tumekaa tunakisikiliza, mpaka kikakatika chenyewe. Nabwire akacheka kwanza, kisha dirisha la jikoni likacheka, na baada ya hapo wazee hawakuwa na la kufanya ila kupanga tarehe, na kuniongezea kondoo mmoja wa kumtuliza mama mkwe kwa niliyomfanyia uani.

Jioni Wandera akaniletea uzi wangu. Ulikuwa umekatika, ndoano haipo. "Hiyo ilikuwa mumi, kambare mwenyewe, shemeji," akaniambia, "na haikuwa mdogo." Tulikula kuku. Alikuwa mtamu.

Sasa mniulize kama kile kidude ni kibaya. Si kibaya, na nitabishana na yeyote: kiliambiwa kilie uzi ukivutwa, na kila ulipovutwa kililia, na mara ya mwisho kilisema kweli tupu. Lakini nikienda kwa wakwe zangu ninavua kwa kidole, kwa sababu kidole kinajua tofauti ya samaki na ng'ombe, na kidole hakiniiti nikiwa kwa watu. Huko Budalang'i naitwa Kuku Mdogo, kwa vile yule wa Sigalame bado yupo. Na hapa nyumbani Malaba, Nabwire akiwa na swali la maana hakai chini kwanza, ananyoosha tu kiganja, nami natoa simu, funguo na kila kilicho mfukoni namwekea hapo, ndipo anauliza.